Honi ya Shadiah

Mara ya kwanza Zahara kumsikia yule mwanamke, alikuwa analia kama gari.

Simu ilikuwa juu ya mkeka, spika imefunguliwa, na Ridwan amepiga magoti mbele yake kama mtu anayesubiri kuombewa dua. "Paaa-uuh," ililia simu. Ridwan akaitikia, "Paaa-uh?" Simu ikacheka. "Siyo hivyo, fundi. Chini kidogo. Halafu mwishoni ikwaruze, kama mzee anayekohoa mlangoni ili waliomo ndani wajiweke sawa. Marehemu baba akikata kona ya Mpumudde alikuwa anaiminya mara moja tu, na sisi tunazima redio."

Ridwan akacheka. Alicheka kwa tumbo, mabega yakatikisika. Zahara, aliyekuwa anakaanga sambusa za kuuza pale barazani, aligeuka haraka kuona mgeni gani ameingia nyumbani kwake. Hakuwa ameingia mtu. Ni mume wake tu, anacheka.

"Nani huyo?" aliuliza simu ilipokatwa.

"Mteja. Shadiah wa Jinja, yule mwenye gari la kale."

"Anaumwa?"

"Ananipa sauti ya honi. Siwezi kutengeneza sauti ambayo sijaisikia, Mama Rania."

"Hana kaka? Hana mjomba? Hakuna mwanamume Jinja nzima wa kukulilia kwenye simu?"

Ridwan aliiokota honi, akaipangusa kwa mkono wa shati, na midomo yake ikaendelea kujaribu kimyakimya ile paaa-uuh.

Kazi yake ilikuwa rejeta. Kila siku alikaa kwenye kibanda cha mabati katika eneo la viwanda la Mbale, akiziba matundu ya rejeta za malori kwa risasi ya kuyeyusha na moto, akirudi nyumbani Namakwekwe jioni na vidole vyeusi na malalamiko ya mgongo. Shaba aliijua vizuri, na ndiyo sababu kaka yake Tamim, anayeishi Jinja, alimpeleka kwa Shadiah. Gari lilikuwa urithi wa baba yake Shadiah, na yeye alitaka kulikodisha kwa ajili ya kubeba maharusi. Rangi ilishapigwa, viti vilishashonwa upya. Iliyobaki ilikuwa honi ya ubavuni, ile ya kuminya kwa mkono: mpira mviringo nyuma, tarumbeta ya shaba mbele, na kooni mwake jani dogo la shaba ambalo hewa ikilipitia linatetemeka na kutoa sauti. Mpira ulikuwa umepasuka na jani limeliwa na kutu ya kijani. Watu walimshauri Shadiah aweke honi ya umeme. Akasema bora gari lisiende.

Zahara aliyajua haya yote na hakuwa na neno nayo. Neno lake lilikuwa kwamba Shadiah alikuwa mtalaka, ana nyumba yake na kiwanja chake, na kwamba Ridwan, ambaye kwa miaka hakuwa amevuka mto Namatala bila kulalamika nauli, sasa alikuwa anakwenda Jinja kila baada ya siku chache akiwa amenyoa ndevu.

*

"Mama Rania," aliita Topista kwenye bomba la uani, "bwana yako amenunua gali?"

Topista alikuwa mke wa Afande Sam, askari wa gereza, na Kiswahili chake alikikuta kambini akiwa mtu mzima. Zahara alikuwa amekinyonya kwa mama yake, na kwa kawaida alifurahi kumsikia jirani akikibomoa. Siku ile hakufurahi.

"Hajanunua gari, Topista."

"Mimi nasikia tu, asubui paa, jioni paa. Nauliza afande, hii ni nini? Afande anasema, hii ni mwanaume iko na mpango." Aliweka ndoo chini. "Halafu ile nguo ya manukato kwa kamba yako jana ilikuwa ya nani? Mimi najua nguo zako zote."

Hilo ndilo lililomchoma. Nguo ilikuwa gurbaba, kitambaa cha kujifunga cha wanawake wa Kinubi, ya hariri, rangi ya embe. Ridwan aliileta kutoka Jinja ikiwa imeifunika honi, akaitupa kitandani kama gunia. Zahara aliifungua, na chumba kizima kikajaa sandali.

Kwao Wanubi nguo haifukizwi hivi hivi tu. Mke huiweka juu ya chetezo, moshi ukapanda ukaingia kwenye nyuzi, kwa sababu kuna mtu atakayeingia jioni na kukaa karibu naye. Msichana hafukizi. Mjane huacha. Zahara aliinusa ile gurbaba mara mbili, ya pili kwa nguvu zaidi kuliko ya kwanza, akajiuliza swali moja tu: mtalaka wa Jinja anajifukizia nani?

Aliifua kwa sabuni ya mche. Akaifua tena. Ilipokauka kwenye kamba, ilikuwa bado inanukia vizuri kuliko nguo zake yeye.

"Ni ya mteja," alimwambia Topista.

"Aaa. Mteja." Topista alijitwisha ndoo. "Sisi Wakristo tunapigana na malaya, anakimbia, inaisha. Lakini nyinyi, mwanaume anaoa tu. Anakuletea mpaka ndani, mnagawana sufulia. Pole, mama."

Pole yake ilikuwa ya kweli. Zahara aliijaza ndoo mpaka maji yakamwagikia miguu.

*

Majani ya shaba yalikataa, moja baada ya jingine. Ridwan alikata la kwanza kwenye rejeta ya lori, likatoa sauti ya bata. La pili lilitoka kwenye shaba mpya ya dukani. "Hii inacheka kijinga," alisema, akalitupa. Alikwangua ncha ili sauti ipande, akakwangua shina ili ishuke, akaminya, akasikiliza, akapiga simu Jinja, na Shadiah akalia tena, na yeye akacheka tena. Mpira aliumaliza salama kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi na gundi ya pancha. Jani ndilo lililomshinda.

"Rejeta hujawahi kucheka nazo," Zahara alimwambia usiku mmoja wakila.

"Rejeta haziimbi."

"Na mimi?"

Ridwan aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Wewe nini?"

"Mimi ninaimba? Au na mimi ni rejeta, unaziba panapovuja unakwenda zako?"

"Mama Rania, unaionea wivu honi?"

Alilisema kwa mzaha, na binti yao Rania, aliyekuwa anafanya hesabu za shule pembeni, akacheka. Zahara alitamani kucheka naye. Alikusanya sahani kabla watu hawajashiba.

Kisha siku moja aliporudi kutoka kuuza sambusa aliikuta honi imekubali. Ridwan aliminya mbele yake. Sauti ilitoka pana na nzito, ikashuka, na mwishoni ikakwaruza kidogo, mzee akakohoa mlangoni. Nywele za mikono zilimsimama Zahara. Ilikuwa sauti nzuri, naye hakuwa mtu wa kunyima kitu haki yake.

"Sasa ndiyo hiyo," alisema. "Jani umelipata wapi?"

"Kwenye shaba ya zamani," alijibu Ridwan, akiifunga honi ndani ya gurbaba iliyofuliwa. "Shaba ya zamani imepigwa kwa nyundo, ina mkazo. Arusi ni Jumapili. Alhamisi nakwenda kuifunga, nitalala kwa Tamim."

*

Alhamisi jioni, Ridwan akiwa Jinja, Zahara alitoa sandukuni kanzu nyeupe ya mumewe, aliyoifukiza kila Alhamisi. Alikuwa amefikiri siku nzima akaona kwamba kulia hakutasaidia. Mwanamume akirudi Ijumaa atakuta kanzu yake imefukizwa, wali umeiva, na mke amejifunga vizuri. Kama ni sandali, hata Mbale ipo.

Alitoa makaa kwenye sigiri, akayaweka ndani ya chetezo, akadondosha vipande vya sandali, akafunika. Chetezo kilikuwa cha shaba, cha mama yake, na kabla ya hapo cha bibi yake. Kifuniko chake kilikuwa chembamba, kimepigwa kwa mkono, kina matundu madogo juu ambayo moshi ulitoka ukiwa umetulia, ukipanda wima kama uzi. Hata watoto wa majirani walikuwa wanakuja kuutazama.

Leo moshi ulitoka ubavuni. Ulitoka kwa mkupuo, ukamwingia machoni.

Zahara alikigeuza kifuniko kwa ncha ya kanga. Kwenye ukingo, upande ambao siku zote ulielekea ukutani, palikuwa na pengo lililonyooka, jembamba kama kidole cha mwisho. Limekatwa kwa mkasi mzuri na kulainishwa kwa tupa ili lisimkate mtu. Kazi safi. Kazi ya mume wake.

Alikaa pale chini mpaka makaa yakafa. Hakuwaza pengo. Aliwaza kwamba aliisikia ile sauti ya honi kwa masikio yake, nywele zikamsimama, akaisifu.

Asubuhi alibisha mlango wa Topista. Alikuwa amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani.

"Rania ale kwako mchana. Na naomba bisibisi ya afande."

Topista alitazama uso wake, akaingia ndani, akatoka na bisibisi mbili. "Kubwa na ndogo," alisema. "Rania atakula. Nenda, mama."

*

Kule Mpumudde, Jinja, hakuhitaji kuuliza mara mbili. Kila mtu alilijua gari. Lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, jeusi, linang'aa, na ubavuni kwa dereva honi imefungwa, mdomo wake wa shaba umepanuka kama ua.

Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa. Shadiah alitoka peke yake, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Zahara alikuwa amemwandalia uso: mrefu, mweupe wa krimu, macho ya kuzungukazunguka. Akakutana na mwanamke mnene kidogo wa umri wake, mwenye pengo la jino na mwendo wa kuchoka. Hilo halikumtuliza. Angekuwa mzuri, Zahara angeulaumu uzuri wake.

"Mimi ni mke wa Ridwan."

"Najua. Anakuelezea vizuri. Karibu, dada, keti."

"Sikuja kukaa. Unajifukizia nani?"

Shadiah aliangalia mikono yake yenye unga kama kwamba jibu lingekuwa huko. "Mimi mwenyewe," alisema. "Nilimfukizia mtu miaka kumi, alikuwa anaingia na viatu. Sasa jioni nafunga mlango, nafukiza, nalala. Kwani nani amesema moshi una mwenyewe?"

Zahara alikuwa na maneno mengi tayari kwa jibu jingine lolote.

"Na mume wangu?"

"Nikuambie kweli?"

"Nimetoka Mbale."

"Alinitaka. Wiki iliyopita, hapa hapa uliposimama. Akasema dini inaruhusu. Nikamwambia nina gari, na gari likinichosha nalizima. Nikamkatalia."

Jambo la ajabu likatokea kifuani kwa Zahara. Hasira iliyokuwa imebebwa kutoka Mbale ilipinduka ikaenda upande mwingine kabisa.

"Ulimkatalia kwa nini? Ana kasoro gani?"

"Dada!" Shadiah alianza kucheka. "Ulitaka nimkubali?"

"Ridwan ni fundi. Haibi, hanywi. Wewe ni nani wa kumkatalia?"

"Mimi ni mtu niliyeulizwa." Kicheko kilimwisha. Alijipangusa mikono kwenye nguo. "Mtu mzuri, sikatai. Lakini mwanamume anayekuja kwa mwanamke mpya akianza kumwambia kwamba nyumbani kwake hakuna anayecheka, huyo kesho atakwenda kwa wa tatu kunisema mimi."

Jogoo mmoja alipita chini ya gari, akatokea upande wa pili.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Hilo la kumtaka mwanamke angeweza kulimeza, siku moja, kwa maji mengi. Lakini neno lile lilikuwa limetolewa ndani ya nyumba yake, likasafirishwa mpaka Jinja, likawekwa mbele ya mtu kama zawadi. Alijiona amekaa barazani na mafuta ya sambusa usoni, halafu watu wawili wasiomwona wanajadili mdomo wake usiocheka.

Alifungua mkoba, akatoa bisibisi ndogo.

"Unafanya nini?"

"Nachukua kilicho changu."

Kwanza aliiminya honi, mara moja. Ilitoka vile vile, pana na nzito, na mzee akakohoa. Mbwa wa jirani akabweka. Zahara alisubiri mpaka ikaisha yote, ndipo akafungua tarumbeta, akaingiza bisibisi kooni na kulegeza skrubu mbili, na jani likamdondokea kiganjani, dogo, la manjano, lina joto la jua. Alitoa mkobani kifuniko cha chetezo, akaliweka jani kwenye pengo. Liliingia, likakaa. Upande mmoja tu ulipwaya kidogo, pale Ridwan alipokwangua.

Shadiah alitazama jani, akatazama kifuniko. Alikijua ni kifuniko cha nini. Uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza.

"Wallahi, sikujua."

"Najua hukujua."

"Lakini arusi ni Jumapili, dada. Watu wameshalipa. Nitafanya nini?"

"Unajua inavyolia," alisema Zahara, akifunga mkoba. "Kaa mbele na dereva, ulie."

Hapo ndipo Ridwan alipoingia kwenye lango, kofia kichwani, amenyoa, na tabasamu la mtu anayekuja kula chakula cha Ijumaa. Aliona gari, akaona tarumbeta chini, akaona mke wake. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo, halina kazi.

"Mama Rania."

"Twende nyumbani," alisema. "Una kazi ya kuchomea."

Ridwan alimtazama Shadiah. Shadiah alikuwa anaokota tarumbeta, akipuliza vumbi, na hakuinua macho.

*

Walirudi Mbale wakiwa wamekaa pamoja, mkoba katikati yao. Karibu na Tirinyi Ridwan alisema, "Pesa ya awali aliyonipa Shadiah ililipa kodi. Nitaitoa wapi nimrudishie?"

"Kwenye rejeta."

Kisha Ridwan akasema, "Ilikuwa shaba pekee iliyofaa. Nilijaribu zote, uliniona. Nilidhani ukingoni hutaona."

"Hukuniomba."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huomba."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Topista alikuwa uani na Rania, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuuliza kitu. Alipokea bisibisi zake, akaingia ndani. Ridwan aliketi kwenye mkeka na chuma cha kuchomea. Simu yake ikaita. Jina la Shadiah lilionekana kwenye kioo, hata Rania aliliona. Ridwan alishika chuma mkono mmoja na kifuniko mkono wa pili, na simu ikaita mpaka ikachoka.

"Ulimwambia hapa hakuna anayecheka," alisema Zahara.

Risasi iliyeyuka, ikatiririka kwenye mshono. Ridwan alipuliza taratibu.

"Nilisema."

"Honi uliipigia simu kila siku ukitafuta sauti yake. Chini kidogo, juu kidogo. Mimi uliniuliza lini?"

Ridwan aliupitishia mshono tupa, akaupangusa, akamkabidhi kifuniko kwa mikono miwili. Jani lilikuwa limerudi. Kovu la risasi, la kijivu, lilipita kwenye shaba ya bibi, na hakuna ufundi ungeweza kulifuta.

Zahara alitia makaa, akatia sandali, akafunika. Moshi ulipanda kwenye matundu. Uzi mwembamba sana ulitoka pale kwenye kovu, upande ambao jani lilikwanguliwa. Aliutazama, akauacha.

Ridwan aliinuka bila kuambiwa. Alikwenda kwenye sanduku, akarudi na kanzu yake nyeupe, akasimama nayo mikononi, akingojea inyooshwe juu ya moshi kama ilivyokuwa ikinyooshwa Alhamisi zote.

Zahara alivua gurbaba yake, ile ya bluu aliyokwenda nayo Jinja, yenye vumbi la barabara. Akaitandaza juu ya chetezo, akavuta ncha moja, akavuta nyingine, mpaka moshi wote ukawa wake.

"Kaa chini," alimwambia. "Ngoja zamu yako."